Umeme Tunausingizia: Kadi Zetu Zinakufa kwa Joto



Leo siandiki siasa, wala siandiki bei ya sangara. Najua wapo watakaonuna. Lakini kuna jambo limenikaa kooni wiki nzima na nisipolisema hapa sijui nitalisemea wapi.

Kuna kijana jirani yangu hapa Mabatini ana chumba cha gemu. Ni chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake, bati juu bila dari, madirisha mawili, kompyuta nne za mtumba. Wateja wake ni wanafunzi wakitoka shule na waendesha bodaboda wakingoja abiria, wanalipa kwa nusu saa. Kati ya zile kompyuta nne, inayoleta watu ni moja tu, ile yenye kadi ya grafiksi ya maana, GTX 1060, aliyoinunua kwa fedha zake za upatu. Hizo tatu nyingine ni za kungojea zamu.

Kadi ile ikafa. Akaita fundi. Fundi akainusa, akaigeuza, akatoa hukumu: "Umeme huu." Kijana akanunua stebilaiza. Kisha akakopa, akanunua kadi nyingine kama ile ile. Wiki ya tatu ikaanza kuzima katikati ya gemu, wateja wanadai hela zao. Fundi akarudi. Umeme tena. Safari hii akashauri ibadilishwe pawasaplai.

Nilikuwepo siku hiyo, nikauliza swali moja tu: kadi hii huwa inafika nyuzi ngapi?

Kimya. Kijana akamwangalia fundi, fundi akaniangalia mimi. "Dada," akasema, "kompyuta haiumwi malaria."

Nilicheka, sikatai, maana alilisema vizuri. Lakini nilipofika nyumbani kicheko kikaisha. Mtoto akichemka usiku hapa mtaani tunagonga milango ya majirani kutafuta kipimajoto. Kitu cha laki kadhaa, kinacholisha nyumba nzima, kinachemka mbele ya macho yetu kila jioni na hakuna anayejua namba yake. Na kipimajoto kimo ndani ya kadi yenyewe! Kiliwekwa kiwandani na bei yake tumeshalipa. Ni kukisoma tu.

Kwa wasiojua (na mimi nilikuwa mmoja wenu hadi miaka michache iliyopita): kama una Windows 10 iliyosasishwa tangu Mei 2020, au Windows 11, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ingia sehemu ya utendaji, chagua GPU. Pale chini utaona namba ya joto. Kama hauioni, basi Windows yako au draiva zako ni za zamani, na hilo kwenye mashine zetu za mtumba ni jambo la kawaida. Usihangaike. Ipo programu ndogo inaitwa GPU-Z, ya bure. Ipo HWiNFO, nayo bure, inayoonyesha hata sehemu moja ya chipu iliyo na joto kuliko nyingine zote. Na ipo MSI Afterburner, ambayo licha ya jina lake inakubali kadi za kampuni nyingine pia, na inaweza kukuandikia joto pembeni ya skrini wakati unacheza. Mimi napenda hiyo ya mwisho. Unafunga goli huku unaona 78, 79, 80.

Sasa namba gani ni mbaya? NVIDIA wenyewe wameiwekea GTX 1060 ukomo wa nyuzi 94. Kadi nyingi za kizazi kile, ukiziacha zilivyotoka kiwandani, zikivuka themanini na kitu huanza kujihurumia: zinapunguza kasi zenyewe ili zipoe. Hapo ndipo gemu linaanza kukwama kwama na wewe unalaumu intaneti. Zikizidi kupanda, zinazima. Kwa hiyo kadi inayozima katikati ya gemu, na ukiiacha ipumzike nusu saa inawaka vizuri, inakueleza kitu. Haizungumzii umeme.

Nisieleweke vibaya. Umeme unaua mashine, nani asiyejua? Ukikatika na kurudi kwa kishindo unaweza kuondoka na pawasaplai, diski na friji ya jirani kwa mpigo. Stebilaiza si ujinga. Ninachokataa ni umeme kuwa jibu la kila kitu, kama vile zamani kila homa ilivyokuwa malaria hata kabla ya kupima. Hospitalini tulishaiacha tabia hiyo, siku hizi unatobolewa kidole kwanza. Kwenye kompyuta bado tunatoa dawa kwa kuangalia sura ya mgonjwa.

Halafu kuna hili la ushauri wa YouTube. Vijana wetu wanaangalia video za watu wa Canada na Ujerumani, wanaambiwa kadi fulani inacheza kwa nyuzi 70, wanaridhika. Hawaulizi chumba cha yule bwana kilikuwa na nyuzi ngapi. Wapimaji wale kwa kawaida hufanya kazi kwenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 22 hivi. Feni haitengenezi baridi, jamani. Feni inachukua hewa iliyopo chumbani na kuipitisha kwenye yale mapezi ya alumini. Kama hewa ya chumbani ni nyuzi 32, kadi yako itaanzia kuhesabu hapo. Zile 70 za Ujerumani, chumbani kwako ni 80 na zaidi, hata kabla vumbi halijaingia.

Na chumba cha jirani yangu? Nje hapa Mwanza mchana wa kawaida ni nyuzi 27 au 28, si mji wa joto la kutisha kama Dar. Lakini weka bati bila dari. Weka kompyuta nne. Kisha weka vijana kumi wamebanana. Mwili wa binadamu aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi, na hawa hawajatulia, wanapiga kelele. Vijana kumi ni sawa na pasi ya umeme ya wati 1,000 iliyowashwa mchana kutwa ndani ya chumba. Huhitaji kuwa mhandisi kujua hewa ile itakuwaje saa kumi jioni.

Kuna mambo mengine mawili ya hapa kwetu ambayo hutayakuta kwenye video yoyote. La kwanza ni mwinuko. Tunalitazama ziwa na kudhani tuko pwani, kumbe maji yale yenyewe yako mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya asilimia 10. Feni ile ile, ikizunguka kwa kasi ile ile, inabeba hewa pungufu, na joto pungufu. Tofauti si kubwa, ni nyuzi chache tu, ila kwa kadi inayotembea ukingoni, nyuzi chache ndizo zinazoimaliza.

La pili ni wadudu wa ziwani, na hapa naomba mnisamehe maana nitaongea kwa uchungu.

Mnawajua. Wanatoka ziwani kama moshi, ukiwa Kirumba au Capri Point unaweza kudhani kuna boti inaungua. Viluwiluwi wao wanaishi kwenye tope la chini ya ziwa, na aina mojawapo hutoka kwa wingi siku za kuzunguka mwezi mwandamo. Hawaumi. Upande mwingine wa ziwa wako watu wanaowakamata kwa masufuria na kuwakaanga, na wanasema ni watamu. Sisi tunawafagia asubuhi. Wakiona mwanga wanakuja wote, na ukubwa wao ni ule unaopita kwenye dirisha lenye wavu uliochanika kidogo tu.

Nilipopanga Nyegezi nilikuwa na kompyuta ya kuhariri video. Kazi ya mchana ilikuwa habari, ya usiku ilikuwa harusi za watu na, nikiri, FIFA. Nilianza kuona inazidi kupata joto. Nikafanya nilichodhani ni akili: nikafungua ubavu wa lile sanduku (ambalo wote tunaliita CPU, ingawa CPU ni kile kidude kidogo kilichomo ndani), nikaisogeza dirishani ipate upepo wa ziwa, nikaiwekea na feni ya kusimama. Joto likashuka kweli! Nikajiona mtaalamu, nikawaambia hadi rafiki zangu.

Ukaja usiku wa wadudu. Taa imewaka, dirisha liko wazi, sanduku limeachama, feni inavuta. Asubuhi niliwakuta wamejaa kwenye mapezi ya kadi, wamesagika na mafuta yao, wamechanganyika na vumbi lililokuwepo, wamekuwa kitu kama ugali mweusi. Ukipuliza hautoki. Wiki ile ile kadi ikaanza kufika 91, halafu ikaanza kuzima. Na mimi, mwandishi wa habari niliyesoma, nilisema nini? Nilisema umeme.

Fundi wa kwanza niliyempelekea aliipuliza kwa kompresa ya kujazia tairi. Mnaona watu wakifanya hivyo na inaonekana kazi ya kiume sana, vumbi linaruka, kila mtu anarudi nyuma. Kuna matatizo mawili. Kompresa zile mara nyingi zina maji ndani ya tangi, na maji yanatoka na hewa. Pia upepo ule unazungusha feni ndogo ya kadi kwa kasi ambayo haikuumbwa nayo, hadi bearingi zinaharibika. Kama lazima upulize, shika feni kwa kidole isizunguke. Yangu ilirudi nyumbani ikiwa safi na inakereza kama mashine ya kusaga.

Wa pili alikuwa kijana mdogo, hata meza ya kueleweka hana. Kabla hajagusa bisibisi aliiwasha, akaweka programu, akaiacha dakika kumi huku anaandika namba kwenye karatasi. Nilitaka kumkumbatia. Akaifungua, akaondoa ule ugali kwa brashi ya meno na spiriti, akakwangua ile pesti iliyopo kati ya chipu na chuma cha kupozea, ilikuwa imekauka kama chaki, akapaka mpya. Akaniambia wako wenzake wanapaka dawa ya meno. Inafanya kazi kwa siku chache kwa sababu ina maji, maji yakikauka umebaki na unga. Na mteja akirudi analaumiwa nani? Umeme. Alipomaliza akaiwasha tena, akaandika namba nyingine pembeni ya ile ya kwanza: 91, 76. Nilimlipa kwa furaha ambayo huwa sina nikilipa mafundi.

Karatasi ile ninayo hadi leo. Ndiyo hoja yangu yote: namba kabla, namba baada. Fundi asiyeweza kukuandikia hizo mbili hajakutengenezea kitu, amekuuzia matumaini. Na sisi wateja tunamruhusu, kwa sababu hatuulizi.

Mtu asiniambie Mwanza hatuwezi mambo ya kupima joto. Mji huu ulifundishwa kupima kwa fimbo. Kati ya 1997 na 1999 soko la Ulaya lilitufungia samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, mara kwa ajili ya bakteria, mara kipindupindu, mara madai ya sumu ya kuvulia. Viwanda vilisimama, watu walikosa kazi. Vilipofunguliwa tena, vilifunguliwa na madaftari: samaki amepokelewa akiwa na joto gani, barafu imewekwa lini, nani amepima. Leo hii mtu anayesimama kwenye mapokezi ya kiwanda cha minofu anamchoma sangara kipimajoto kabla hajasema habari za asubuhi. Wengine wao ni baba na mama wa hawa hawa vijana wa gemu. Kwa hiyo ujuzi uko nyumbani, haujavuka tu kutoka kwenye samaki kwenda kwenye chipu.

Na wala si sisi tu tulioumizwa. Microsoft mwaka 2007 walilazimika kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya Xbox 360 zilizokuwa zinakufa na kuwasha taa nyekundu. Mwaka uliofuata NVIDIA walitenga karibu dola milioni 200 kwa sababu ya chipu za kompyuta za mkononi zilizokuwa zinashindwa kuhimili kupata joto na kupoa, kupata joto na kupoa. Chipu imekaa juu ya vidonge vidogo sana vya risasi ya kuchomelea. Ikichemka vinatanuka, ikipoa vinasinyaa, na siku moja kimoja kinapata ufa. Ndiyo maana wapo mafundi wanaochoma kadi kwa hita ikafufuka, halafu ikafa tena baada ya mwezi. Ufa hauponi kwa moto. Kama kampuni zenye maabara zimelipa gharama hiyo, kijana wa Mabatini atapona vipi kwa kunusa?

Kisha kuna hizi kadi zenyewe tunazonunua. Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya Ethereum iliacha mfumo wa kuchimbwa kwa kadi za grafiksi. Kwa siku moja kadi nyingi mno duniani zilikosa kazi, zikaingia sokoni za mtumba. Baadhi zimefika hadi huku, na muuzaji hatakuambia. Sina uadui na kadi iliyochimba. Yapo madai kwamba zote ni mizoga na mimi siyaamini, kwa sababu mchimbaji mwenye akili aliipunguzia umeme isichemke. Lakini feni yake imezunguka usiku na mchana kwa miaka, na pesti yake imekauka. Utajuaje? Kwa namba. Mwambie muuzaji aiwashe, ifanye kazi nzito kwa dakika 15, na wewe uko pale unatazama joto. Ikipanda hadi 90 ndani ya dakika tatu, ama shusha bei ya matengenezo ama ondoka. Akikataa kuijaribu, ondoka haraka zaidi.

Nirudi Mabatini. Niliomba ruhusa ya kuiangalia ile kadi ya pili kabla ya kununuliwa pawasaplai. Gemu dakika saba: 93. Ikazima. Tulifungua sanduku, na kilichokuwa ndani mnaweza kukisia, pamoja na mende mmoja na kipande cha karanga ambacho hakuna aliyekubali kuwa ni chake. Nikampigia yule fundi wangu wa karatasi. Alipomaliza ilikuwa 81.

Bado si nzuri, ndiyo, ila chumba ni kile kile. Tukafanya jambo moja la bure. Skrini zake ni zile za ofisini za mtumba zinazoonyesha picha 60 kwa sekunde. Kadi ilikuwa inachora zaidi ya 100, zile za ziada hakuna jicho linaloziona, zinageuka joto tu. Tukaifunga kwenye 60. Tukashusha na kiwango cha umeme cha kadi hadi asilimia 80 kwenye Afterburner. Wateja hawakugundua lolote. Namba ikashuka hadi 72. Mama yake akashona kipande cha chandarua kuukuu mbele ya tundu la hewa. Kinapunguza upepo kidogo, lazima kikung'utwe kila Jumapili, lakini wadudu wanabaki nje. Na usiku wa mwezi mwandamo taa ya dirishani inazimwa, wanacheza kwa mwanga wa skrini.

Kadi ya kwanza, ile ya upatu, haikufufuka. Deni la ya pili bado analilipa, na stebilaiza ipo inang'aa kwenye kona. Nilimuuliza kama ana hasira na yule fundi. Akasema hana, wamekua pamoja.

Juzi kanitumia ujumbe: leo imefika 77, dada, ni mbaya? Nikamuuliza chumbani kuna nyuzi ngapi. Hajui. Kesho nashuka Makoroboi kumtafutia kipimajoto cha ukutani.